Kifungo cha Tatu

Mama yake Mpima alifika dukani saa nne asubuhi, bila nguo ya kufua wala ya kuchukua. Mpiga pasi alimtambua kabla hajavuka kizingiti. Miaka minane haikuwa imembadilisha sana yule mama, ila mabega yake, ambayo zamani aliyabeba kama mtu anayepigwa picha, sasa yalikuwa yamelegea. Alisimama mbele ya kaunta, mkoba kaukumbatia, akingoja zamu yake nyuma ya mteja aliyekuwa akilalamikia doa kwenye suruali.

Mpiga pasi aliendelea na shati lililokuwa mezani. Alianza na kola, akaenda mabegani, akaenda mikononi, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake aliyelianzisha duka hilo la udobi. Mikono ilijua kazi yake, hata hofu ilipomwingia.

Alikuwa na sababu ya kuogopa. Mara ya mwisho mwanamke huyo kusimama pale pale alikuja kumwambia amwachie mwanawe. Hakufoka wala hakutukana. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyelifikiria jambo akalimaliza: "Wewe ni mtu mzima, tuongee kiutu uzima. Ulikaa na mume wako wa kwanza miaka mitano, ukatoka mikono mitupu. Mimi mwanangu ni huyu mmoja. Usinifungie ukoo wangu."

Lililosemwa lilikuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo mtu hawezi kuusafisha kwa sabuni yoyote.

Mpima alishindana na mama yake mwaka mzima. Jina hilo la Mpima lilitokana na kazi yake ya kupima ardhi; kutwa alikuwa juani na vigingi na kamba, na mashati yake yalifika dukani yakiwa mekundu kwa vumbi. Mwishowe mama akagoma kumeza dawa zake za presha. Akalazwa mara moja, akalazwa mara ya pili, na mara ya pili Mpima akasalimu amri. Alikuja kuaga jioni moja, akasimama mlangoni akilia kama mtu aliyefiwa, akaondoka. Mwaka uliofuata alimwoa mwalimu mmoja, mwanamke mpole wa familia inayojulikana, akapata naye watoto wawili wa kike. Nguo zake akawa anazipeleka kwingine.

Kilichobaki kwa mpiga pasi kilikuwa wimbo.

Si wimbo wa redioni. Mpima aliutunga mwenyewe siku walipoanza kupendana, alipokwama dukani kwa saa tatu kwa ajili ya mvua. Shati lake lilikuwa limepoteza kifungo, na mpiga pasi alipomcheka kwamba mtu mzima anatembea kifua wazi, Mpima akaanza kuimba huku akigonga kaunta kwa vidole. Sauti yake haikuwa nzuri, ila haya hakuwa nayo hata chembe.

*Kifungo cha tatu hakipo kifuani,*
*Kimeanguka wapi, njiani au nyumbani?*
*Mpiga pasi wangu, nishonee jamani,*
*Nipate sababu ya kurudi dukani.*

Wimbo huo ulikuwa na waimbaji wawili tu duniani. Waliuimba wakitembea, wakipika, wakigombana. Ugomvi wao mwingi uliishia kwenye mstari wa pili, mmoja akishindwa kuzuia kicheko. Walipoachana, mpiga pasi alijaribu kuusahau. Akawasha redio, akajifunza nyimbo nyingine, lakini kila aliposhika sindano na kifungo, wimbo ulikuja wenyewe, na ulikuja na kila kitu: harufu ya mvua kwenye bati, mikono ile yenye sugu, na namna Mpima alivyokuwa akikodoa macho kabla ya kulitamka neno "jamani", kama mtoto anayeomba peremende.

Mteja wa suruali alipoondoka, mama yake Mpima alisogea. Alisalimia, akaitikiwa. Kisha akaeleza yaliyomleta, taratibu, macho yake kwenye kaunta.

Wiki saba zilizopita Mpima alianguka kazini. Kiharusi. Miguu ilirudi kidogo kidogo, mkono wa kulia bado, lakini maneno yalikatika kabisa. Alielewa kila alichoambiwa. Alipotaka kujibu hakikutoka kitu, au kilitoka kisichohusika. Akitaka maji alisema "mlango", na akijisikia mwenyewe amesema mlango, alilia kwa hasira. Kisha siku moja muuguzi alikuwa akimbadilisha shati, kifungo kikakatika na kudondoka sakafuni. Mpima akakitazama, akaanza kuimba.

"Maneno kamili, binti," alisema mama. "Mwanangu ambaye hawezi kusema maji, aliimba mistari miwili bila kukosea. Akafika kwenye 'Mpiga pasi wangu', akakwama. Kila siku anakwama hapo hapo. Mtaalamu wa matamshi anasema nyimbo zinakaa upande mwingine wa ubongo, upande ambao haukuumia. Anasema wakiupata wimbo mzima wanaweza kuutumia kumrudisha kwenye maneno mengine. Mkewe ameuliza marafiki zake wote, ameuliza watu wa kazini. Hakuna anayeujua." Akaukaza mkoba kifuani. "Mimi nilikaa siku nne bila kusema. Nilijua mpiga pasi ni nani."

"Na mkewe je? Anajua?"

"Nilimwambia yote. Yeye ndiye aliyenituma."

Pasi ilikuwa ikitoa mvuke peke yake. Mpiga pasi akaizima.

"Sikuja kukuomba msamaha," mama akaendelea. "Nikianza hapo nitalia, na nikilia sitamaliza lililonileta. Nakuomba uje uimbe."

Mpiga pasi angeweza kusema mengi. Alikuwa ameyapanga kwa miaka minane, mengine kwa sauti, peke yake, mbele ya mashati ya watu. Sasa wakati wake ulikuwa umefika na hakuliona hata moja lililofaa. Aliuliza tu kama hospitali wanaruhusu wageni mchana, kwa sababu asubuhi ndiyo yenye wateja.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili, kimoja kitupu. Mpima alikaa kwenye kiti karibu na dirisha, amevaa shati la hospitali lililokuwa kubwa mno kwake. Upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka, na nywele zilikwisha kupata mvi kando ya masikio. Mkewe alisimama nyuma ya kiti. Mkono wa blauzi yake ulikuwa na vumbi la chaki, inaonekana alitoka darasani moja kwa moja. Wanawake wale wawili walisalimiana vizuri, wakaitana dada, kisha hakuna aliyejua aangalie wapi.

Mpima yeye alijua. Alimtazama aliyeingia, na jicho lake lile zima likajaa maji. Mdomo ulifunguka, ukatafuta, ukafungika. Hapo mpiga pasi akafahamu kwamba ugonjwa haukumsahaulisha chochote. Alikuwa mle ndani mzima mzima, na kumbukumbu zake zote, amekosa tu njia ya kutokea.

Mtaalamu wa matamshi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kutuliza, alieleza utaratibu. Anayeimba akae mbele ya mgonjwa, ana kwa ana, amshike mkono wa kushoto, na kila silabi inapotoka amgonge taratibu kiganjani, ili mwili nao usaidie. Aliyasema hayo kama mtu anayeeleza namna ya kumeza vidonge. Hakuna aliyekuwa amemwambia historia.

Mpiga pasi alimtazama mke. Mke akainamisha kichwa kidogo, kukubali.

Basi akakaa, akaushika ule mkono. Sugu zilikuwa zimelainika kwa wiki za kitandani. Mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka ikapasuka. Akajikaza kisabuni, akaanza tena, na Mpima akaingia katikati ya mstari wa kwanza, sauti ile ile isiyo nzuri, sasa imekwaruza. Kifungo. Cha tatu. Walipofika kwenye "Mpiga pasi wangu" alisita, kidole kikamgonga kiganjani, akavuka. Aliufikia mwisho, kurudi dukani, bila kulitoa jicho lake usoni mwa mwenzake.

Mama alikuwa analia kwenye kona. Mtaalamu alikuwa anaandika. Mke alikuwa amegeuka, anatazama nje ya dirisha, ingawa dirisha lile lilielekea ukuta.

Ikawa mpiga pasi anakwenda mara tatu kwa wiki. Alijiambia anakwenda kwa ajili ya matibabu, na matibabu kweli yalikuwepo, lakini wiki ya pili alijikuta ananyoosha blauzi yake ya kijani kwa uangalifu ambao hata nguo za maharusi hakuzipa. Aliona aibu. Akaivaa hivyo hivyo. Mchana, kwa nusu saa, alikuwa na mkono ule na macho yale, na duniani palikuwa tena na waimbaji wawili.

Kisha mtaalamu akaanza kuubadilisha wimbo. Alieleza kwamba sasa sauti ibaki ile ile, maneno yawe ya mahitaji. Hivyo mpiga pasi akaimba, kwa sauti ile iliyotungwa siku ya mvua, *Naomba maji kidogo, nina kiu jamani.* Akaimba *Nifungulie dirisha, nakosa pumzi ndani.* Mpima alifuata, na akaanza kupata maji na hewa kwa kuimba. Kila mtu alifurahi. Mpiga pasi pia alifurahi, hakuwa mtu wa roho mbaya. Ila jioni, dukani, aliposhika kifungo, kilichokuja hakikuwa mvua wala kaunta. Kilikuja kiu, kikaja dirisha, ikaja harufu ya dawa ya sakafu. Akaliona hilo, akaendelea kushona.

Siku ya mkutano wao wa kumi, walipomaliza zoezi, alitaka kuuachia mkono. Mpima akaung'ang'ania. Alivuta pumzi, akafumba macho kama anayetafuta kitu gizani, kisha akaimba peke yake, bila kugongwa kiganja:

*Mpiga pasi wangu, nisamehe jamani.*

Mtaalamu aliinua kichwa kwa furaha. Akasema hilo ndilo neno la kwanza mgonjwa kulichagua mwenyewe. Hakufundishwa, alilitoa moyoni akalitia mahali pake. Alimpongeza Mpima, akampongeza mpiga pasi, akatoka haraka kwenda kumwambia daktari.

Mlangoni alipishana na mke, aliyekuwa amesimama na chupa ya chai mkononi. Alikuwa amesikia.

Mpiga pasi alitaka kulijibu lile neno. Alitaka kumwambia Mpima kwamba alikwisha kumsamehe zamani, tena pale pale mlangoni siku ya kuagana, na kwamba hilo lilikuwa ndilo tatizo lake. Badala yake alimfinya mkono, akasimama.

Mke alimfuata nje. Walikaa kwenye benchi la ukumbini, kati yao ile chupa ya chai, watu wakipita mbele yao na viti vya magurudumu.

"Dada, nifundishe," mke alisema hatimaye. "Wimbo wote, na namna ya kugonga mkono."

"Mtaalamu anaujua. Ameuandika."

"Ameandika maneno. Nataka unifundishe wewe, kisha usije tena."

Hakulisema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma. Mpiga pasi akauliza kama amemkosea.

"Hujanikosea. Ungenikosea ingekuwa nafuu, ningejua la kufanya." Mwalimu alikuwa akiviangalia viganja vyake. "Nimeishi naye miaka sita. Sijawahi kumsikia akiimba. Nilidhani ni mtu asiyeimba. Nyumbani mtoto wetu mdogo ameukamata huo wimbo, anacheza na wanasesere wake huku anaimba mpiga pasi wangu, mpiga pasi wangu. Nimkataze nini? Ndiyo sauti ya baba yake aliyonayo kwa sasa. Lakini akipona atapona akiwa nani, dada? Kama kila neno litakalorudi litapita kwako, mimi atarudi kwangu kwa njia ipi?"

Mpiga pasi alifikiri kuhusu nusu saa zake tatu kwa wiki. Alifikiri kuhusu mtoto anayecheza na wanasesere. Kulikuwa na jibu moja la haki na jibu moja alilolitaka, na hayakufanana hata kidogo.

Akaanza kufundisha.

Mwalimu alijifunza upesi, isipokuwa mwisho wa mstari wa pili, pale sauti inapopanda badala ya kushuka. Alishusha. Akarudia, akashusha tena. Mpiga pasi alisikia kosa lile na likamjia wazo baya, kwamba akiliacha hivyo, palipokosewa patabaki pake peke yake. Mpima atafika hapo kila siku, atasita, na atajua aliyekosekana ni nani. Wazo hilo alilishika kwa muda wa pumzi mbili.

"Hapo inapanda," akasema. "Nyumba-ni. Anapenda ipande."

Mwalimu akaipandisha.

"Na pale 'mpiga pasi wangu', niimbe hivyo hivyo?"

"Imba hivyo hivyo kwanza. Akizoea utabadilisha, utaweka lako."

Hakurudi chumbani kuaga. Kwenye mlango kulikuwa na kioo kidogo, na alipopita alimwona Mpima akiwa ameugeuza uso wake mlangoni, anangoja. Mpiga pasi akaongeza mwendo. Alifika dukani, akafungua mlango, akapokea mablanketi manne ya mteja aliyekuwa anangoja nje, akayaandikia namba.

Siku zikapita, zikawa wiki, zikawa miezi mitatu. Hakuuliza habari kwa mtu. Alisubiri tu, kwa namna ile ya mtu anayesema hasubiri. Mlango ukisukumwa shingo iligeuka yenyewe. Wimbo ulikuwa umemtoka. Akijaribu kuuimba ulikuja na sauti ya mwalimu, ikisita kwenye mstari wa pili kabla ya kupanda.

Mama yake Mpima alirudi siku ya Jumatatu. Safari hii aliketi kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa, kama mtu wa nyumbani. Alileta habari njema, na alizitoa zote kwa mkupuo: mwanawe anatembea na fimbo, anawaita watoto kwa majina yao, anamwita mkewe. Mwanzo aliimba kila kitu, nyumba nzima ikawa inaongea kwa kuimba hata majirani wakacheka. Sasa wimbo wenyewe unaanza kuachwa.

Mpiga pasi alimshukuru Mungu kwa sauti, na alimaanisha.

"Aliniuliza habari zako," alisema mama.

Shati lilikuwa mezani, na mkono wa mpiga pasi ukabaki juu yake.

"Juzi, tulikuwa wawili tu. Alianza kuimba, mpiga pasi wangu yuko wapi. Akarudia mara tatu, na kila mara alikuwa anautazama mlango." Mama aliufungua mkoba, akaufunga. "Nilimwambia umeolewa. Nilimwambia una mume mzuri, na kwamba una mtoto."

Nje mtu alikuwa anapiga honi kuita mwenzake. Mpiga pasi alingoja iishe. Ndani yake kitu kilisimama kutaka kupiga kelele, kikaangalia huku na huko, kikakaa chini tena. Huyu mama alikuwa amemnyima mume kwa sababu ya mtoto, na sasa alikuwa amempa vyote viwili siku moja, kwa maneno.

"Akasema nini?"

"Aliacha kuutazama mlango. Kisha akasema, 'Sasa moyo wangu umetulia.' Hakuimba, binti. Alisema, kama tusemavyo mimi na wewe. Mkewe alikuwa anaingia na chakula, akaangusha sahani. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza bila wimbo, na tangu hapo hajaimba tena."

"Alikwama popote?"

"Hakukwama hata neno moja."

Mpiga pasi aliitikia kwa kichwa taratibu. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa mgongo wa mkono kabla hayajalifikia shati la mtu. Mama yake Mpima alianza kusema neno, huenda lile la msamaha ambalo hakulisema safari iliyopita, lakini mpiga pasi akamtangulia.

"Huyo mtoto," aliuliza, "ulimwambia ni wa kike au wa kiume? Nisije nikaulizwa njiani nikasema tofauti."

Mama akaushika mkoba wake kwa mikono yote miwili.

"Wa kike," akajibu.